Desemba ya Madam wa Baiolojia: jinsi mwalimu mmoja wa shule ya kata alivyojiandaa kupokea kidato cha kwanza

Kisa hiki ni cha Desemba 2024 kuingia Januari 2025, kwenye sekondari moja ya kata mkoani Singida. Muhusika ni mwalimu mwenzangu wa Baiolojia, jina lake na la shule naviacha, hapa ntamwita Madam tu kama wanafunzi wanavyomwita. Mi nafundisha Hisabati hapo hapo kwa hiyo niliyaona mengi kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukiwa stafu. Nimeamua kukiandika kirefu kwa sababu kila ikifika mwezi wa kumi na moja walimu tunaulizana "umejiandaaje na mwakani" na jibu ni lile lile, azimio la kazi, ule mpango wa mwaka wa nini kitafundishwa wiki ipi. Azimio lipo kweli, limepigwa rula, limesainiwa, afu wiki ya pili ya Januari halifanyi kazi tena kwa sababu liliandikwa bila kumjua mtoto atakayekaa kwenye lile dawati. Naamini kabisa kwamba likizo ya Desemba mwalimu aianze na watoto wanaokuja, makaratasi yafuate nyuma, na Madam ndo mtu wa kwanza niliyemuona anafanya hivyo mwanzo mpaka mwisho.

Kwanza muielewe hali yenyewe. Shule zetu za kata nyingi zimejengwa kuanzia ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, wa 2004, zinapokea watoto kutoka shule za msingi za jirani, yetu ina shule za msingi tano zinazoleta watoto. Mtoto amesoma miaka saba kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kwake kilikuwa somo kama masomo mengine, na huku kwetu wengi nyumbani wanaongea Kinyaturu au Kinyiramba, kuna na watoto wa wafugaji wa Kibarbaigi, kwa hiyo hicho Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Januari anaingia darasani anakutana na Baiolojia, Fizikia, Kemia, Jiografia, Hisabati, zote kwa Kiingereza, ukiondoa somo la Kiswahili lenyewe na lile jipya la Historia ya Tanzania na Maadili. Toka elimu bila malipo ianze 2016 idadi nayo ni kubwa, mkondo mmoja unakuta una watoto ambao kwa viwango ungekuwa mikondo miwili. Juu ya hapo mtaala ulioboreshwa ulishaanza kuingia kwa awamu toka Januari 2024, na kwa kidato chetu cha kwanza 2025 ndo ulikuwa mwaka wa muhtasari mpya wa masomo, umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za kujifunza, yote hayo mageni kwa walimu pia.

Na Desemba ya mwalimu wa kijijini tuiseme ilivyo. Mvua za kwanza zimenyesha, watu wako shambani, mahindi na alizeti havisubiri. Wengine wameitwa kusahihisha mitihani ya taifa, wengine wamefunga safari kwenda kwao Krismasi, wengine wanafuatilia nauli ya likizo halmashauri. Mtumishi ana siku zake 28 za likizo kwa mwaka na ni haki yake, sitaki mtu asome hapa aone nasema mwalimu asipumzike. Madam mwenyewe alilima ekari zake, akaenda kwao, akarudi. Kazi ninayoieleza hapa aliifanya asubuhi chache tu alizozitenga, nyingine akiwa na simu mkononi anapika.

Alipoanzia ndo panapofanya kisa hiki kiwe cha tofauti. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, matokeo NECTA, baraza la mitihani, wanatoa kabla ya Desemba, afu uchaguzi wa kidato cha kwanza unaofanywa na TAMISEMI, wizara inayosimamia shule zetu, huwa unatoka katikati ya Desemba. Sasa fikiria, yaani kabla hata ya Krismasi ile orodha ya watoto wako wa Januari ipo, na matokeo yao yapo wazi kwenye tovuti, shule kwa shule, mtahiniwa kwa mtahiniwa, gredi ya Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na mengine yote. Wazazi wanayaangalia, watu wa mtaani wanayaangalia, mwalimu atakayewafundisha hayaangalii. Miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona mtu anayafungua kwa ajili ya kujiandaa kufundisha, tunayafungua kuangalia mtoto wa shangazi kafaulu au vipi.

Madam akachukua daftari la kawaida akachora kurasa tano, ukurasa mmoja kwa kila shule ya msingi. Hakushughulika na wastani wa jumla maana wote waliochaguliwa wamefaulu, wastani hautakwambia kitu. Alichukua gredi mbili tu, ya Kiingereza na ya Sayansi, akawa anaziweka pamoja kwa kila mtoto. Hapo akaona kitu ambacho hata mimi kilinishtua aliponionyesha, kuna shule mbili kati ya zile tano ambazo watoto wana Sayansi nzuri kabisa, A na B zimejaa, lakini Kiingereza ni D na E karibu ukurasa mzima. Maana yake hawa watoto sayansi wanaijua, wameisoma kwa Kiswahili wakaielewa wakaifaulu, na Januari tutawakuta wamekaa kimya nyuma ya darasa afu sisi tutasema watoto wa mwaka huu wazito. Uzito gani? Mtoto ana A ya Sayansi! Hili jambo linaniuma mpaka leo nikikumbuka ni watoto wangapi tumewahi kuwahukumu hivyo.

Baada ya hapo akawapigia simu walimu wa zile shule mbili. Mmoja ni mzee anayekaribia kustaafu, anafundisha Kiingereza madarasa manne peke yake na wala hakusomea Kiingereza, alipewa kwa sababu hakuna mwingine. Madam akamwamkia, shikamoo mwalimu, akamweleza shida yake, mzee akacheka kidogo akamwambia, mwanangu hujui toka nianze kazi hakuna mtu wa sekondari aliyewahi kunipigia kuniuliza habari za watoto wangu. Afu akampa mambo ambayo hakuna tovuti itakupa. Kwamba watoto wake Kiingereza wanasoma kwa kunakili ubaoni, wengi wanaandika mwandiko safi wa sentensi ambayo hawaielewi. Kwamba kuna mabinti kadhaa wanatembea mbali sana kwa hiyo Januari mvua ikichachamaa mto utawazuia. Kwamba kuna wengine wazazi wao hawajanunua kitu bado, watachelewa kuripoti. Akamalizia, "wakija kwako watakuwa kimya, usidhani hawajui, waulize kwa Kiswahili kwanza". Ile simu haikuchukua hata nusu saa na mi naona ndo kipande chenye thamani kuliko vyote kwenye maandalizi yake, kuliko hata azimio.

Kwa hayo aliyoyapata ndo akaanza kuandika. Muhtasari mpya aliupakua, na vitabu vya kiada vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo bure kwenye maktaba mtandao yao hata kwa simu unasoma, akaweka bando akapakua akasoma wakati hana mtandao. Azimio la mwaka mzima aliliandika kwa sababu linatakiwa, ila nguvu zake aliziweka kwenye wiki sita za mwanzo tu, zile nyingine akazijaza kwa mistari mikubwa akijua atazirekebisha akishawajua watoto. Hapa wapo watakaobisha, kuna wakaguzi na wakuu wa shule wanataka kuona andalio la kila kipindi mapema. Mimi nasimama na Madam. Andalio la somo la mwezi wa tano lililoandikwa Desemba ni karatasi ya kuonyesha tu, halina mtoto ndani yake.

Sasa zile wiki sita. Aliandaa orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo mtoto hawezi kuishi kwenye Baiolojia bila hayo, kiumbe hai, seli, maabara, kupima, kuchunguza, kuchora, tofauti, kazi ya, na kila neno akaliandikia Kiswahili chake na kamchoro pembeni. Kuna mradi mmoja wa miaka ya 2010 uliowakutanisha TET, Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na kile cha Bristol cha Uingereza, walitengeneza sura za mfano za vitabu vya kidato cha kwanza, Baiolojia ikiwemo, zenye Kiingereza kifupi, picha, na msamiati uliofafanuliwa kwa Kiswahili, mtoto anaruhusiwa kujadili kwa Kiswahili kwanza afu ndo aandike kwa Kiingereza. Madam aliwahi kuliona hilo wazo chuoni na ndo alilolifuata. Sera ya elimu yenyewe, hata toleo la 2023, imebaki na Kiingereza kwa sekondari, kwa hiyo mtihani utakuja kwa Kiingereza na mtoto lazima afike huko, swali ni unampitisha njia gani.

Zana nazo akazikusanya mapema. Kabla shule haijafungwa aliomba ufunguo wa maabara, jambo dogo lakini Desemba mwenye ufunguo akisafiri umekwisha. Akakuta hadubini moja tu ndo inafanya kazi, na akaisafisha mwenyewe. Singida vitunguu ndo kwao, na ngozi nyembamba ya kitunguu ndo kitu rahisi kuliko vyote cha kumuonyesha mtoto seli, kwa hiyo hilo somo halikuhitaji hela, lilihitaji tu kujua kwamba watoto wengi watapanga foleni kwenye hadubini moja na lazima wale wanaosubiri wawe na kazi ya kufanya. Akaandaa makopo, vizibo, majani aliyoyakausha katikati ya magazeti, wadudu kwenye chupa. Na karatasi moja ya mtoto anayechelewa kuripoti, ina maneno ya mwanzo, michoro miwili na maswali machache, ili akija Februari apewe na kukaa na mwenzake aliyeanza mapema, asianze kunakili noti za mwezi mzima usiku.

Januari ikafika, na kama ilivyo kawaida yetu mambo hayakukaa alivyoyapanga.

Wiki ya kwanza waliripoti karibu nusu tu ya waliochaguliwa. Maelekezo ya serikali yapo wazi kwamba mtoto apokelewe hata kama hana sare, lakini mzazi mwenyewe anaona aibu kumpeleka mtoto na kaptura ya msingi, anasubiri auze mbuzi. Afu wiki ya pili mwalimu mwingine wa Baiolojia akapata uhamisho, Madam akaongezewa kidato cha tatu. Ratiba yote ikapinduliwa, vipindi vyake vya asubuhi vikawa vya saa nane mchana jua kali, mpango wa maabara ukavurugika. Angalieni hapa, kila kitu alichokiandaa kwa kutegemea ratiba kilikufa ndani ya siku kumi na nne. Alichokiandaa kwa kutegemea watoto kilibaki chote. Lile daftari la kurasa tano, zile karatasi za wanaochelewa, zile habari za mzee wa Kiingereza, hakuna uhamisho unaoweza kuvifuta.

Lile la kuuliza kwa Kiswahili kwanza alilitumia siku ya kwanza kabisa. Aliingia akiwa ameshajua nani katoka wapi, akawachanganya makusudi kwenye madawati, yule wa Kiingereza kizuri na yule wa Sayansi nzuri, bila kumwambia mtu sababu na bila kutaja gredi ya mtoto yeyote. Hilo nalisisitiza, gredi za mtoto hata kama ziko mtandaoni usizisome darasani wala usizibandike, ni za kukusaidia wewe kupanga. Akawauliza kwa Kiswahili kiumbe hai ni kipi na kwa nini jiwe siyo. Wale wa zile shule mbili wakanyoosha mikono. Binti mmoja akaeleza mmea unavyokula na kupumua vizuri tu, ndo Madam akampa maneno ya Kiingereza ya kile kile alichokisema, darasa zima likarudia. Mi nilikuwa napita koridoni nikasimama dirishani, siku ya kwanza ya kidato cha kwanza kwa kawaida darasa linakuwa kimya, pale kelele zilikuwa za watoto wanaoongea sayansi.

Orodha ya maneno ndo iliyomsumbua. Aliipanga vizuri, watoto wakaikariri, ukimwuliza neno anakutajia na tahajia yake, lakini ukimwambia aandike kitu anakwama kabisa, anarudi kunakili. Ni kile kile mzee alichosema, kunakili. Neno peke yake halimfikishi mtoto popote, anahitaji sentensi ya kuliwekea. Kwa hiyo wiki ya tatu akaipunguza ile orodha zaidi ya nusu, akaweka sentensi chache za kubadilisha, kama "This is a ... It is used for ..." na "... has ... but ... does not have ...". Hizo mbili tu. Ya kwanza inabeba vifaa vyote vya maabara na viungo vyote, ya pili inabeba kutofautisha, seli ya mmea na ya mnyama, mdudu na buibui. Mtoto akishaishika sentensi anabadilisha maneno ya ndani anajikuta ameandika kitu chake mwenyewe. Mwalimu wa Kiingereza akazichukua zile zile akazitumia kwenye kile kipindi cha mwanzo cha kuwazoesha watoto lugha, kwa hiyo zikawa zinarudiwa kwenye vipindi vya masomo mawili. Mi kwenye Hisabati nikachukua ya kwangu, "Find the ..." na "How many ...", maana tatizo la maswali ya mafumbo kwetu nusu yake ni lugha.

Wale waliochelewa walikuja mpaka Machi. Karatasi ya kuanzia ilisaidia lakini kilichosaidia zaidi ni yule mwenzake wa dawati, maana alikuwa anamfundisha kwa Kiswahili, tena wengine kwa Kinyaturu, afu anamwonyesha sentensi. Mabinti wa ng'ambo ya mto walikosa siku za mvua kama mzee alivyotabiri. Madam alishaongea na mkuu wa shule toka Januari, utoro wao haukuandikwa kama utundu, hakuna aliyechapwa wala kusimamishwa getini kwa hilo. Kwa mtu wa nje hii inaonekana ndogo. Kwa binti wa miaka kumi na nne anayetembea saa nzima na zaidi ni tofauti ya kuendelea na shule au kuacha.

Kuhusu matokeo nataka niwe mkweli. Sitasema ufaulu uliruka, mitihani ya ndani ya Machi haiwezi kuthibitisha hivyo na mikondo haifanani. Nilichokiona kwa macho kwenye karatasi zao ni kwamba nafasi tupu zilipungua. Miaka mingine unasahihisha karatasi ya kidato cha kwanza unakuta mtoto amejibu maswali ya kuchagua, kwenye kujieleza kaacha wazi au kanakili swali lenyewe. Safari hii walijaribu. Makosa ya sarufi yamejaa, "it are used", "plant has wall but animal do not have", lakini sayansi iko sahihi, na mwalimu anayesahihisha anajua cha kumsaidia. Karatasi tupu haikuambii chochote.

Kwa mtazamo wangu kuna vitu viwili vilivyomuangusha ambavyo havikuwa mikononi mwake. Cha kwanza, mgawanyo wa vipindi hatukuupata kabla ya kufunga shule, Madam alikisia tu kwamba atapewa kidato cha kwanza kwa sababu ndo alikuwa nacho mwaka uliopita. Angepewa kingine lile daftari lingekuwa la mtu mwingine. Mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma wakikaa Novemba wakagawa vipindi, hata kama uhamisho utakuja kuvuruga, walimu wengi watakuwa wanajua Desemba wanamwandalia nani. Cha pili ni kwamba kazi yote ile ilikuwa ya mtu mmoja kwa bando lake. Tuna vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa kwenye jumuiya ya kujifunza hapo hapo shuleni, na mara nyingi tunakaa tunajaza fomu ya mahudhurio tunaondoka. Zile kurasa tano zingeweza kujazwa na walimu watano kwenye kikao kimoja, kila mtu shule yake ya msingi, na simu moja kwa kila shule, afu zikatumika na masomo yote.

Kuna mwalimu aliniambia hii inawezekana kijijini tu ambako shule za msingi ni chache, mjini watoto wanatoka kila kona. Ni kweli mjini itakuwa ngumu zaidi, lakini hata huko wengi wanatoka shule za jirani, ukichukua zile tatu zinazoleta watoto wengi umeshalijua darasa kwa sehemu kubwa. Na kwa wenzetu wa shule za msingi wanaopokea darasa la kwanza, mtu wa kumpigia yupo hapo hapo mara nyingi, ni mwalimu wa awali, anawajua wale watoto kwa majina na anajua nani bado hashiki penseli.

Mwaka huu wa pili Madam amebadilisha vitu vichache. Orodha ya maneno imebaki robo ya ile ya kwanza, sentensi zimekuwa nne, na amewaomba wakuu wa zile shule mbili za msingi aende darasa la saba wakishamaliza mtihani Septemba, ule muda watoto wanakuwa hawana kazi sana, awafundishe vipindi viwili vitatu vya mimea kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Mmoja amekubali, mwingine bado anasubiri kibali cha mratibu elimu kata.